Bushi Legelege za Severini

Kitu kilichomtia Severini kinyaa kuliko vyote ni chuma kinachocheza. Baiskeli ikipita inalia padeli, alikuwa tayari kumshusha mwenyewe barabarani na kumuuliza kama hana haya. Miaka ishirini na miwili alikereza vyuma katika karakana ya kiwanda, na kila kipande kilichopita mikononi mwake kiliingia mahali pake kikatulia. Ndiyo maana walimruhusu kugonga herufi S kwenye kazi zake. Mafundi wengine hawakupewa heshima hiyo.

Kisha kiwanda kikapunguza watu. Mwaka 1993 alirudi Ifakara, kiinua mgongo chote akakinunulia lethi, mashine ya kukerezea vyuma, iliyokwisha zeeka, akaifunga bandani kwake mtaa wa Katindiuka na kuiunganisha kwa mkanda na injini ya dizeli. Alidhani watu watapanga foleni. Wapi! Walimletea masufuria yaliyotoboka. Mmoja alitaka achongewe mkuki wa nguruwe pori. Yeye akakereza makomeo ya milango, ya kung'aa. Watu wakayashika, wakayageuzageuza, wakaenda zao kufunga milango kwa kipande cha ubao. Ujinga ule ulimchefua.

"Makomeo yako mazuri, baba Serafina, lakini hatuyali," mkewe Klementina alimwambia. "Ulikubali mwenyewe. Yule bwana wa Morogoro anakuja na lori kuchukua mashine kabla mvua kubwa za masika hazijakata barabara. Kama mpaka hapo hujapata kazi ya maana, aichukue."

Severini aligeukia lethi yake. Bila ile lethi alikuwa nani? Mzee wa kufukuza ndege shambani, basi.

Siku chache baadaye akaja Shilinde, Msukuma aliyehamia Mbingu na ng'ombe wake. Alikuwa ameteremka kwenye treni na gurudumu la plau begani. Bushi yake, kile kipande cha bomba cha katikati ambacho gurudumu huzungukia, ilikuwa imelika yote.

"Shikamoo, mzee. Hizi za dukani hazimalizi msimu. Ukiniwezea hii, nina wenzangu kumi na wawili wenye shida hiihii."

"Marahaba. Lete."

Kumi na wawili! Severini alitafuta chuma kigumu, akakereza, akapima, akapima tena, akapaka grisi. Gurudumu likazunguka kimya kabisa. Akagonga S yake ubavuni mwa bushi, akalitazama gurudumu kwa muda kabla ya kulitoa.

Wiki haikwisha, Shilinde akarudi nalo limeganda matope.

"Limegoma, mzee. Ng'ombe wamelikokota kama gogo."

"Sema umelitumia vibaya," Severini akafoka, na kwa hasira zake akapanda naye treni hadi Mbingu akamwonyeshe.

Huko alikuta majaruba ya mpunga, udongo mweusi wa mfinyanzi, maji yanafika kifundoni. Jirani wa Shilinde alikuwa analima kwa plau yenye gurudumu bovu kupita kiasi, linayumba na kugongagonga, aibu tupu. Lakini lilikwenda. Tope liliingia upande huu likatokea upande ule. Kwenye bushi ya Severini, iliyobana vizuri, tope liliingia kidogokidogo, likakosa pa kutokea, likashika humo humo. Severini alisimama pale kinyaa kimemjaa, kwa sababu alikuwa fundi na aliona kwamba ule upuuzi ndio ulio sahihi.

"Itanue tu," Shilinde alisema taratibu. "Icheze."

Severini aliirudisha kwenye lethi akaitanua, uso ameukunja kama mtu anayezibua choo. Gurudumu likalima wiki tatu mfululizo bila kugoma, na wale kumi na wawili wakaagiza za kwao. Akazikereza zote legelege, akizitupa kwenye gunia bila kuziangalia mara mbili. Kiwandani vitu vile vingekwenda kwenye pipa la chakavu, na aliyevitengeneza angetolewa nje ya geti. S hakugonga hata moja. Jina lake lilikuwa limebaki safi, na alitaka afe nalo hivyo.

Shilinde akazipeleka Mbingu, akarudi na gunia lote.

"Wamezikataa, mzee. Yangu wameiona ina S. Wanasema hizi zisizo na S ni zilezile za dukani."

Siku hiyo lori la Morogoro lilikuwa limelala Mkula, njiani kuja Ifakara. Kesho yake lingekuwa mlangoni. Klementina alisimama pembeni. Severini aliitoa chapa ya S kwenye kitambaa alichokuwa akiifungia tangu kiwandani. Akagonga ya kwanza, herufi ikapinda. Akaitupa, akakereza nyingine, akairudia mpaka S ikasimama wima. Zikatimia kumi na mbili.

Shilinde aliokota moja, akaitumbukiza kwenye kipande cha ekseli alichokuja nacho, akaitikisa. Ikalia kwakwakwa.

"Hii ndiyo kazi ya fundi," alisema.

Miaka ishirini na miwili kiwandani, hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Severini akatoka hadi mlangoni, akatema mate. Kisha akarudi kuwasha injini; lori lingerudi tupu, maana huko Mbingu wanane zaidi walikuwa wanazitaka.