Gereveria Juu ya Tuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kofia ngumu, buti zilizonizidi, na bwawa. Mhandisi Mkuu wa ofisi yetu, mzee aliyekulia Burundi na ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinionyesha bonde lililo chini ya Busanza, hapa Kigali, akasema, "Hilo ni lako. Ni dogo, usiliogope."

Nililiogopa palepale. Chuoni tulifundishwa mabwawa ya umeme, yenye zege na vyumba vya mitambo. Hili lilikuwa bwawa la burudani: tuta la udongo lililokatiza bonde, maji nyuma yake, samaki, boti za kukanyaga zenye umbo la bata, na bustani ambayo kila Jumamosi alasiri ilijaa maharusi waliokuja kupiga picha.

Ninawaandikia ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu. Mama yangu amesikia ninaandika kumbukumbu za kazi akacheka. Anasema mtu wa umri wangu hana kumbukumbu, ana malalamiko. Labda. Lakini bwawa langu limestaafu, nami nimestaafu nalo, kwa hiyo nadhani ninaruhusiwa.

Kazi yenyewe ni kutembea na kutazama. Unaanzia kwenye utoro, yaani mfereji wa pembeni unaopitisha maji ya mvua yanapozidi, ili yasimwagike juu ya tuta. Kisha unatembea juu ya tuta ukitafuta nyufa. Mwisho unashuka mteremko wa nyuma hadi mguuni mwa tuta, kuangalia mvujo. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo si kosa. Cha kuangalia ni rangi. Mvujo ukiwa mwangavu, ni maji tu yanayopita. Ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanatoka na udongo wa tuta lenyewe, na huko ndani kuna tundu linalokua.

Basi kila asubuhi nilikinga mvujo katika chupa na kuiinua juani. Maji yalikuwa safi. Au yalikuwa safi kuliko jana? Au jana kulikuwa na mawingu? Nilimwaga, nikakinga tena. Wafanyakazi wa bustani wakaanza kuniita Injinia Chupa.

Shida kubwa, hata hivyo, haikuhitaji chupa. Kwenye mteremko wa nyuma wa tuta, kwa safu zilizonyooka, palisimama miti ya gereveria iliyokuwa tayari imenipita kimo. Nilimuuliza Meneja wa bustani, mtu mcheshi aliyekulia Uganda, ni nani aliyeipanda.

"Sisi wote!" alisema kwa fahari. "Ilikuwa siku ya umuganda. Mtaa mzima ulishuka na majembe, viongozi na wananchi, hata mimi nilitoka malengelenge. Hapa palikuwa jua tupu. Sasa angalia kivuli."

Popote pengine katika mji huu miti ile ingekuwa baraka. Vilima vyetu vinashikiliwa na mizizi, kila mtoto wa shule anajua hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyejiuliza. Kwenye tuta mambo hugeuka. Mzizi hufuata unyevu, na unyevu uko ndani ya tuta. Huingia kwenye udongo ulioshindiliwa na kuyafungulia maji njia. Tena mti mchanga unaweza kuung'oa na mizizi yake. Ukishakuwa mkubwa, huwezi kuung'oa bila kubomoa tuta. Kila msimu wa mvua tuliouacha upite ulikuwa unatufungia mlango.

"Ing'olewe sasa," nilisema.

"Banange!" Meneja alishika kichwa. "Miti ya umuganda? Nisimame mbele ya mtaa niwaambie jasho lao nalitupa? Omba kingine, Injinia."

Nilirudi kwa Mhandisi Mkuu. "Andika," aliniambia. Niliuandikia uongozi wa bustani. Nilipomwambia hawajajibu, alisema, "Andika tena, ila kwa upole." Nikaandika kwa upole, na tena kwa upole zaidi, mpaka nilipoisoma barua yangu mwenyewe sikuona hatari iko wapi.

Mguuni mwa tuta aliishi Mama Keza, ambaye kazi yake ni kufua shuka za nyumba za wageni. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kati ya chache zilizokuwa kule chini. Mvujo wa bwawa alikuwa ameuzungushia mawe, ukawa kidimbwi chake cha kufulia. Ni yeye niliyemuwaza usiku na mchana.

"Mama, haya maji ni ya bwawa. Tuta linavuja."

"Yego, na inavuja vizuri," alisema huku akikamua shuka. "Zamani nilikuwa napanda mpaka juu kwa bomba na jerikani. Sasa Mungu ameleta maji kwa mlango. Wewe usije ukaziba."

"Siwezi kuyaziba. Ninachoogopa ni tuta likikatika. Nyumba yako ndiyo itakayoanza kupigwa."

"Mwana wanjye, wewe unaogopa hata jogoo yangu."

Hilo lilikuwa kweli; yule jogoo alikuwa na tabia mbaya. Lakini halikuwa jibu.

Nikaona nikaseme mwenyewe. Baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu hukaa kikao, kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilisimama mbele ya mtaa mzima. Nilieleza tuta, nikaeleza mvujo, nikaeleza mizizi, nikarudi kwenye tuta ili nisieleweke vibaya. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo miti ni mibaya?"

"Hapana, mzee. Miti ni mizuri, ila pale..."

"Ni mizuri! Tumpigie makofi mtoto wetu amesoma."

Wakanipigia makofi. Kiongozi wa mtaa akanishukuru, akapitisha ajenda ya mitaro. Nilikwenda nyumbani nikiwa mtu aliyepongezwa na ambaye hakuna alilofanikisha.

Masika yakaja na hasira. Ilinyesha wiki nzima, na Jumamosi asubuhi kukawa kweupe. Nilikinga chupa yangu. Sikuhitaji jua. Nilikinga ya pili na ya tatu nikiomba macho yawe yananidanganya, kisha nikapanda mbio hadi bustanini, ambako Meneja alikuwa akipanga viti vya harusi.

"Fungua valvu ya chini," nilimwambia. "Tupunguze maji ya bwawa leo, sasa hivi."

Aliitazama chupa. "Hii si chai yako?"

"Meneja, tafadhali."

"Bibi harusi amelipia ziwa! Nimpige picha kwenye matope? Kesho, Injinia. Kesho asubuhi na mapema."

Hapo ndipo Mama Keza alipotokea, beseni kichwani, akipita katikati ya wageni waliovaa mishanana yao ya harusi. Alilitua beseni mbele ya Meneja na kutoa shuka iliyotakiwa kuwa nyeupe.

"Wewe ndiyo mkubwa wa hii ziwa? Angalia! Maji yenu imeharibu shuka ya watu. Nimesuuza mara tatu, kila mara inazidi kuwa kahawia. Nani atanilipa?"

Meneja aliishika ile shuka, akaikunjua, akaona mchanga laini ukimdondokea kwenye viatu. Akanigeukia taratibu.

"Injinia, hii ndiyo ile kitu ulikuwa unasema?"

Barua zote zile. Nilitamani kulia. Nilisema tu, "Ndiyo."

Meneja akaagiza saruji ili tundu lizibwe. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Tundu la tuta halizibwi upande wa nje. Ukiyazibia maji, yatatoboa pengine. Unaweka chujio: mchanga kwanza, kokoto juu yake, ili maji yatoke na udongo ubaki. Wafanyakazi wakaanza kushusha mchanga kwa toroli. Valvu niliifungua kidogo kidogo, maana bwawa likishushwa kwa haraka mteremko wa ndani nao huporomoka. Nilikuwa na hofu ya kwenda polepole na hofu ya kwenda haraka, zote kwa mkono mmoja.

Majirani wa kule chini tuliwahamishia juu ya kilima. Mama Keza alikataa kuondoka bila shuka za watu, na wasindikizaji wa bwana harusi, wenye suti zao, ndio waliozibeba. Bibi harusi alipigwa picha mbele ya boti za bata zilizolala ubavu kwenye tope. Kufikia jioni mvujo ulikuwa unang'aa, na tuta lilikuwa limesimama.

Umuganda uliofuata mtaa mzima ulishuka tena na majembe, safari hii kung'oa. Kando ya mzizi mmoja tulikuta tundu, mkono wangu ukaingia hadi kwenye kiwiko. Kiongozi wa mtaa aliliinamia, akatikisa kichwa.

"Shida ni kwamba injinia hakutuambia mapema," alisema.

Miti ilikwenda kupandwa kwenye kilima cha jirani, inakopaswa kuwa. Mwenye bustani alipiga hesabu ya kujenga tuta upya, akaona heri nyasi. Bwawa halikujazwa tena. Maharusi wanapiga picha penye majani, wala hawajui tofauti. Mhandisi Mkuu alinihamishia kwenye mitaro ya barabara huko Batsinda, akasema, "Hiyo nayo ni midogo, usiiogope."

Wiki iliyopita nilipita kumsalimu Mama Keza. Nilimkuta akishuka kilima na jerikani, nikampokea. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Beba, beba," alisema. "Ni wewe ulinikaushia."

Tulipofika mlangoni niliitua jerikani, kisha miguu yangu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye yale mawe aliyoyapanga. Nilichuchumaa na kuugusa udongo. Ulikuwa mkavu. Nikagusa pembeni kidogo, kwa uhakika zaidi.

"Unatafuta nini tena?" aliuliza.

"Maji."

"Rwose, wewe mtoto!" Mama Keza aliweka mikono kiunoni. "Hapo iko salama. Wewe angalia jogoo nyuma yako."