Bendera ya Ubavuni

Mjomba wangu alikuwa fundi rangi bandarini, mtu wa kichwa kigumu, na ole wako uiguse kazi yake. Vita vilipopamba moto, nchi yetu haikuwa upande wowote, basi meli zetu za mizigo zikachorwa bendera ubavuni ili nyambizi zisikosee. Mjomba alining'inia siku sita kwenye ubao uliofungwa kamba. Akiwa pale hakuweza kuiona picha nzima, kwa hiyo baba alisimama gatini akimwelekeza kwa sauti: panda kidogo, shuka, hapo umepinda.

Baba alikuwa mchochea makaa wa meli hiyohiyo, na safari ile hakuitaka. Mjomba akamcheka mbele ya mama.

"Shemeji, bendera kubwa kama nyumba. Nani atakugusa?"

Baba akaona haya, akaenda. Siku ya tisa meli ikazamishwa.

Kamati ya uchunguzi iliandika kwamba huenda alama hazikuonekana vizuri. Hapo mjomba akashikwa na wazimu wa barua. Aliandika kumi na moja, akieleza matabaka matatu ya rangi aliyopaka, akapeleka hata kopo tupu la rangi. Karani akamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa Alhamisi. Alhamisi akaambiwa faili limefungwa. Inanikera mpaka leo: baba hata kaburi hana, na ukoo mzima unajadili rangi. Mama alimpakulia kaka yake chakula, akageukia kazi zake.

Mwaka uliofuata msaidizi wa nahodha, mmoja wa wachache waliookoka, alikuja kutupa pole. Akasimulia kwamba nyambizi iliibuka mchana kweupe, karibu kiasi cha kuonana nyuso. Waliitazama bendera, wakauliza shehena inakwenda wapi, na waliposikia ni kwa adui zao wakatoa dakika kumi watu washuke kwenye mashua. Mashua ya baba ilipinduka.

Mjomba akainuka kitini, uso umemkunjuka, Mungu amsamehe.

"Dada, umesikia? Waliiona. Kumbe waliiona vizuri kabisa."

Mama alikuwa akikunja nguo, wala hakuacha.

"Kaka, mimi rangi sijakuuliza hata siku moja. Nimekaa mwaka mzima nikingoja useme kwamba wewe ndiye uliyemwambia aende."

Mgeni akainamia kikombe chake. Mjomba alibaki amesimama vilevile, na neno hilo hakulisema.