Kiti cha Kutazama Nyuma

Gari langu ni la Kiswidi, refu, limekaa kama sanduku, na kiwanda kiliacha kulitoa kabla hawa wanaolicheka hawajazaliwa. Waliliunda kwa ajili ya familia na barafu. Mimi nimelitembeza kwenye mchanga, Ifo hadi Sangailu, na bado linawaka. Nililinunua kwa mzungu wa misaada aliyekuwa akirudi kwao. Shule sikuijua, lakini nililinunua kwa mbuzi niliowachunga mwenyewe.

Nyuma kabisa lina kiti kidogo cha watoto kinachotazama kule mnakotoka. Wanangu walipokua nikawa napakia hapo mbuzi wa mnada. Mlango wake haufunguki kutoka ndani.

Ndugu yangu wa baba mmoja alikuwa mtu wa ofisi hapa Garissa. Tangu utotoni aliniita mchunga mbuzi, hata mbele ya wake zangu. Ami yetu alipofariki, ukoo uliitana Modogashe kuchagua msemaji mpya, na yeye alikitaka cheo hicho kuliko chakula. Gari lake likamharibikia. Akaja kwangu amevaa suti, anaomba lifti. Nikamwambia mbele na katikati wamejaa shangazi zetu. Ilikuwa kweli, mimi ndiye niliyewajaza.

Akakunja magoti, akaingia palipo na mavi ya mbuzi.

Modogashe wazee walitungoja nje ya msikiti. Nikawashusha shangazi, kisha nikasalimia kama tunavyosalimia sisi, bila kuruka kitu: watu, ngamia, mvua, kisima, mgonjwa wa nyumba ile. Kila mzee kivyake. Jua lilikuwa la mchana. Yeye yuko ndani, uso kwenye kioo, anagonga kwa pete.

"Walaal, ndugu yangu, fungua," tukamsikia.

Mzee mmoja akaniuliza, "Na ri huyo unamshusha lini?"

Ri kwetu ni mbuzi. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na kwetu ukishapewa jina la utani, hilo ndilo jina lako. Aliposimama kuomba cheo, mtu akalia kama mbuzi, naye akaketi. Cheo nikapewa mimi.

Mwaka huu amefariki. Wajukuu zake shuleni wanaitwa wa Ri. Maiti niliibeba mimi, kwa gari hilohilo. Mchimba kaburi hakumtambua kwa jina la baba yake mpaka nilipomtajia Ri. Akauliza tumshushe garini kwa upande gani.

Nikamwambia upande wowote, gari hili amelizoea.