Mama Furaha na kinga ya magurudumu madogo

Leo bibi yangu Mama Furaha, mama wa watoto wangu, amenishinda mbele ya mutaa wote wa Majengo!

Mimi, mutu niliyeendesha chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo, miaka makumi mbili. Hakuna wa kunifundisha mambo ya magurudumu hapa Goma.

Tulienda kuchagua kinga, baiskeli ya kutufikisha Kalengera. Dada yangu mukubwa amerudia nyumba yake kule, na tangu vita itutawanye hatujamuona.

Muuzaji akatoa kinga moja, magurudumu kama sahani, resori za kupunguza mitikisiko mbele na nyuma.

Nikacheka sana. «Hii ni ya watoto! Safari ndefu inataka gurudumu kubwa.»

Mama Furaha akasema polepole: «Papa, chukudu yako ya mbao ilikuwa na magurudumu madogo kuliko haya. Na ulishuka nayo toka Kibumba na magunia sita ya makala ya kupikia, kila siku unatuambia.»

Watu wakacheka, yeee! Nanyi munaocheka huko, mucheke mumalize.

Sikukubali. Nikamupandisha nyuma ya kinga ingine ya magurudumu makubwa, tukapita kwenye mawe ya volkano.

«Unaniua, muzee!»

Kiuno chake kinamuuma tangu tulipokimbia vita na miguu. Nikasimama mbio.

Tukajaribu ile ndogo, mawe ni yale yale. Kimya.

Nikaogopa, nikafikiri nimemuangusha. Kugeuka, mama ameketi wima, anasalimia watu kama bibi wa gavana.

Muuzaji akamuomba ashuke. Akakataa.

«Mimi niko njiani kwa wifi yangu. Papa, kanyaga!»