Kompyuta ya Mama Haizimwi

Nina hasira za karibu, mtaa wetu mzima wa Mabatini unajua, na Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nimeshaanza kuitukana laptop mbele ya mama yangu mzazi.

Mama ni fundi cherehani. Sifa yake ilikuwa kudarizi kwa mkono: maua, misalaba, majina ya maharusi. Tangu augue, mkono wa kulia unatetemeka na sindano imemshinda. Ndipo tukapata mashine ya mtumba inayodarizi yenyewe ikichomekwa kwenye kompyuta, na kwaya ya kanisani ikamwagiza vitambaa vya mabegani. Mama alishasema: hii ikigoma, nafunga kibanda, nakaa nyumbani. Namjua. Akikaa nyumbani atazeeka huku tunamwangalia.

Laptop ile niliiwekea mfumo wa Linux badala ya Windows, maana flashi za wateja zina virusi balaa. Shida ni kwamba draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta ielewane na mashine, haikuja tayari. Ilibidi niitengeneze pale pale, na haitengenezeki bila faili zinazoitwa vichwa vya kiini. Kiini ndicho moyo wa mfumo, na vichwa ndivyo vipimo vyake. Bila vipimo fundi atashona nini?

Nikaanza. Kompyuta ikasema haivioni vichwa. Nikaiagiza iviweke. Ikajibu vipo tayari. Nikarudia: haivioni. Nikaiagiza tena: vipo. Jamani!

"Unanifanya mimi mtoto?" nikaifokea.

"Usiigombeze, itasusa," mama akasema. Alikuwa ameshika kitambaa cha kwaya, kinatetemeka pamoja na mkono, na mimi nikataka kulia.

Nikazisoma polepole namba za matoleo kwenye kioo. Loo! Vichwa vilivyokuwepo vilikuwa vya kiini kipya, kile nilichokiweka wiki iliyopita nilipoboresha mfumo. Kilichokuwa kinafanya kazi bado ni cha zamani, kwa sababu kipya hakishiki mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Na kwetu kompyuta haizimwi! Siku moja iliisha chaji ikagoma kuwaka mpaka kesho yake, mama akaweka sheria: ifunikwe khanga, ilale, lakini isizimwe. Hata mimi nilikuwa naifuata.

"Mama, inabidi tuizime."

"Thubutu! Isipowaka je?"

"Isipowaka, mimi ndiye nimeiua."

Akaniangalia weee. Kisha akafumba macho, midomo ikacheza sala, akanipa ishara kwa kidevu. Nikaizima. Kioo kikawa cheusi. Akanishika bega, na ule mtetemo wake nikausikia mpaka shingoni.

Ikawaka. Nikaiamuru itengeneze draiva, mistari ikateremka bila lawama hata moja. Nikachomeka waya. Sindano ikapanda, ikashuka, na msalaba ukaanza kutokea kwenye kitambaa. Asante Yesu! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mama hakucheka. Alisogea karibu, akauangalia ule msalaba, akaupapasa uzi kwa kidole, akakunja uso.

"Uzi umeukaza mno, utanivutia kitambaa," akasema. "Hebu nipishe hapo nikae. Hii ni kazi yangu."

Nikampisha mbio.