Nadhiri ya Sambaza

Eulalie ni jirani yangu hapa Cimpunda, fundi wa kushona, na nasema bila haya kwamba ni mkaidi kuliko mbuzi. Mwaka huu nimemfokea kuliko nilivyomfokea mume wangu.

Miaka saba iliyopita binti yake wa pekee, Gloire, alilazwa mahututi kwa homa ya uti wa mgongo. Eulalie akapiga magoti mbele ya Bikira Maria na kuweka nadhiri: mtoto akipona, yeye hatatia tena sambaza kinywani. Vile visamaki vya ziwa letu alivipenda kuliko nyama yoyote. Gloire akapona. Tangu hapo mama yake hula ugali na maharage, na mchana, akiwa kwenye cherehani, maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi.

Mwaka jana vidole vyake vilianza kuvimba. Asubuhi hawezi hata kufunga kitenge. Sare za shule zinalala mezani hazijashonwa, na wenyewe wanakuja kuzichukua.

Nilimpeleka Ibanda kwa daktari aitwaye Ariane. Alimpa vidonge, kisha akamuuliza anakula nini.

"Maman, mu damu yako muko basoda, ni kusema maaskari, zile chembe nyeupe," alisema. "Kazi yao ni kukuchunga, lakini sasa banapiga viungo yako. Ngozi ya kila soda inatengenezwa na mafuta yenye unakula. Mafuta ya samaki ikiingia mule, anatuma habari ya kutuliza benzake. Ukikula tu ile ya kukaangia, anakuwa mwepesi kuita vita. Dawa usiiache. Na ukule sambaza ya kuchemsha, mara kwa mara. Itasaidia pole pole, haitaponesha yote."

Njiani Eulalie alilia hadi watu wakageuka.

"Nikikula, Mungu atakuya kuchukua mutoto."

"Mungu hafanyake biashara na bagonjwa!" nikamfokea.

"Ahadi ni deni," akanijibu, na siku hiyo niliichukia methali hiyo.

Nikamburuta hadi kwa padri wetu, Stanislas. Alimsikiliza kwa upole, akamwondolea nadhiri yake, akamwambia badala yake awe anatembelea wagonjwa. Eulalie alimshukuru. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha.

Jana mchana, nikiwa kwao, Gloire alichemsha sambaza kwa nyanya na pilipili, kama daktari alivyoagiza. Habari za nadhiri hajawahi kuambiwa. Vidole vya mama vilishindwa kushika tonge, basi binti akamega ugali, akaweka kisamaki juu, akampelekea mdomoni.

"Kula, maman. Juu ya mikono yako, ipone."

Eulalie alifungua kinywa. Niliona koo lake likimeza mate, maskini, miaka saba ya hamu. Hapo Gloire akakohoa. Kikohozi kimoja tu, cha mvuke wa pilipili.

Mama akafumba kinywa. Akausukuma mkono wa binti yake kwa ngumi yake iliyovimba, huku machozi yakimtiririka.

"Sitakula. Toa. Toa hii kitu!"

Gloire alinitazama, haelewi kakosa nini. Mimi nilitaka kumtikisa yule mwanamke kwa mabega, nimwambie tena maneno ya daktari na ya padri. Sikuweza. Mimi pia nilikuwa nikisikiliza kama mtoto atakohoa tena.