Kinu Mdomo Wazi

Juzi, katika kutangatanga kwangu, nililala kwenye nyumba ya wageni iliyopambwa kwa vinu na vyano vikuukuu, yale masinia ya mti. Ukumbini mlinukia mti uliokolea mafuta ya nazi, nikamkumbuka bibi, mama yake mama.

Alikuja kwetu Kariakoo kutoka kusini, baada ya watu wa kwao kuhamishiwa kijiji kipya. Alikaa barazani na mzigo wake, chakula hagusi, akisema anangoja gari la kurudi.

Mchana mmoja mama aliufungua ule mzigo. Alitundika chano ukutani, akapanga mabakuli ya mti chini ya dirisha, kisha akasimamisha kinu karibu na mlango, mdomo wazi. Nilidhani tunafungua duka. Hata jirani aliyepita alimtania mama, "Mama Zuhura, na kinu unauza?"

Bibi aligeuka, akainuka, akaingia ndani.

"We Somoe!" alimkaripia mama. "Kinu mdomo wazi? Unaita njaa nyumbani kwako?"

"Nimesahau, mama. Kwani kinawekwaje?"

Bibi alikifudikiza, mdomo chini. Akahamisha chano, akapangusa mabakuli kwa upindo wa kanga, huku akilalamika kwamba mji umemharibia mtoto. Nilimhurumia mama kwa kugombezwa, wala sikuelewa kwa nini anatabasamu. Leo najua: alitwanga kwenye kinu kile tangu usichana wake. Hakuwa amesahau kitu.

Bibi alipomaliza, aliketi mkekani katikati ya vyombo vyake, akatutazama.

"Haya, chakula kimepikwa, au leo mnapamba tu?"